Jina Kwenye Ubavu wa Ndege

Mwanzoni mwa mwaka 1916, juu ya mashamba ya Ufaransa yaliyochimbuliwa na mizinga, iliruka ndege ya vita yenye jina la Zanzibar ubavuni. Ilikuwa ya aina ya F.E.2b, namba 6341, ya Kikosi cha 25 cha jeshi la anga la Waingereza. Fundi aliiandika bila mbwembwe: Zanzibar No. 1. Mwishoni mwa Februari ikashuka upande wa Wajerumani, ikatekwa, ikapigwa picha.

Picha hiyo naitazama hapa Hasamba, wilayani Mbozi, saa za jioni, ukungu unaposhuka juu ya mibuni na sauti za watoto waliotumwa maji zinapopungua moja moja. Naitazama kwa kioo cha kukuzia. Naanza na ile Z ya mwanzo, naufuata mstari wake wa juu, kona yake, mteremko wake, hadi kituo chake cha chini. Kisha napumzisha macho dirishani, halafu naanza upya. Picha imekwisha kungoja zaidi ya miaka mia moja, hainidai dakika.

Tangu nilipostaafu ualimu nachonga ndege ndogo za mbao, ndege za vita vya zamani, kwa uwiano wa 1 kwa 72, na kuzipaka alama zilezile zilizokuwa nazo. Umbo halinisumbui sana. Ubao wa msindano ni mpole, ukiujia kwa kisu kikali na msasa wa taratibu utakupa bawa. Ila duara la rangi, namba ya mkiani, jina la ubavuni, hivyo haviji kwa kutaka kwangu. Vinatafutwa kwenye picha, kwenye daftari za vikosi, kwenye kumbukumbu za watu, na vikipatikana vinapokewa vilivyo, hata kama macho yangu yangependa vingine. Sijui jina jingine la kupokea namna hiyo ila sala.

Ndege ya F.E.2b ingewashangaza watu wa leo. Injini yake ilikaa nyuma ya rubani, na pangaboi nyuma ya injini, likiisukuma ndege badala ya kuivuta. Mbele kabisa, kwenye pua, alikaa mpiga bunduki. Alipolazimika kufyatua kuelekea nyuma alisimama wima mle mle angani, upepo wote wa baridi ukimpiga, hana mkanda, ameshika bunduki yake tu. Mabawa yalikuwa ya mbao zilizovikwa kitambaa cha kitani, kikapakwa dawa ya kukikaza hadi kikalia kikiguswa. Upana wake ulikuwa mita 14 na nusu. Mezani kwangu ni sentimita 20, na yule aliyesimama kwenye upepo hazidi haragwe.

Ukubwa huo hunituliza. Mtu akiwa mdogo kiasi hicho, unaacha kumhukumu. Unamtafutia tu mahali pake, unamweka kwa kibano, unashikilia pumzi hadi gundi ishike.

Jina la Zanzibar lilifika huko kwa njia hii. Mwaka 1915 chama kimoja cha London kilichoitwa Overseas Club kilianza kuwaomba watu wa makoloni na nchi za himaya wachangie ndege. Pauni 1,500 zilinunua ndege ndogo ya upelelezi, pauni 2,250 zilinunua ya kupigana. Waliochanga walipata kuona jina lao, au la nchi yao, likiandikwa ubavuni. Zanzibar vita viliwahi kuifikia mapema: alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliijia manowari ya Kiingereza Pegasus bandarini pale pale, ikaizamisha, na Mji Mkongwe mzima ukaamka kwa mizinga.

Nawaza karafuu. Fedha ya visiwani wakati ule ilitoka kwenye karafuu, na karafuu huchumwa kwa vidole, kikonyo kwa kikonyo, mtu akiwa juu kwenye matawi, kisha huanikwa juani kwenye majamvi hadi igeuke hudhurungi na harufu yake ijae njia nzima. Rupia hazisemi zimetoka kwenye pakacha la nani. Lakini mahali fulani kati ya tawi lile na ubavu huu wa kitani pana vidole vya mtu, naye hakuiona ndege hiyo maishani mwake, wala ndege haikumjua. Nikifika kwenye herufi za jina huwa naosha brashi mara ya pili.

Chama kile kilikuwa na utaratibu mmoja ninaoupenda kupita yote. Ndege ya mchango ikipotea, jina lilihamishiwa ndege nyingine, likaendelea kuruka. Kitani kiliraruka, mbao zilivunjika, injini ikawa chuma chakavu, na jina likapandishwa tena hewani.

Kuna jambo la picha za zamani ambalo anayetafuta alama hulijua mapema. Vioo vya picha vya miaka ile vilipakwa dawa iliyoiona buluu upesi na nyekundu kwa shida. Hivyo nyekundu ilitoka karibu nyeusi, njano ikazama gizani, na buluu iliyokolea ikatoka hafifu, ya kijivu, kana kwamba imefuliwa mara nyingi. Atazamaye kwa haraka ataapa kwamba kitovu cha duara kwenye bawa kilikuwa cheusi. Kilikuwa chekundu. Rangi iliyo wazi kuliko zote machoni petu ndiyo ambayo kioo hakikuwa na uwezo wa kuiona.

Nimekaa na jambo hili jioni nyingi. Naitazama ile nukta nyeusi na kujiambia, nyekundu, hadi jicho lenyewe likubali na nukta ianze kupata joto. Hakuna kilichobadilika kwenye karatasi. Halafu najiuliza, katika picha chache tulizo nazo za babu zetu, ni kanga gani iliyokuwa nyekundu na sisi tukairithi ikiwa giza.

Duara lenyewe lilizaliwa kutokana na hofu. Mwaka 1914 Waingereza walichora bendera yao chini ya mabawa. Kwa mbali misalaba ya bendera ile ilishabihiana na msalaba wa Wajerumani, na askari waliokuwa chini wakawafyatulia wenzao. Kabla mwaka haujaisha wakachukua mtindo wa Wafaransa wa duara ndani ya duara, wakaugeuza. Wafaransa waliweka buluu katikati na nyekundu nje, Waingereza wakaweka nyekundu katikati na buluu nje. Tangu nilipolifahamu hilo, duara halijawa pambo tena machoni pangu. Ni mtu anayeita kutoka juu kwa lugha pekee inayoweza kufika chini: ni mimi, usinipige.

Wapo watu wa nchi hii walioinua macho kuusikiliza wito huo. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye kichwa cha kifaru kuwa alama yake, iliteremka bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika makubwa ya huko. Ndani yake walikuwamo askari wa King's African Rifles (KAR) kutoka Tanganyika. Barabara zilikuwa tope, magari yalizama, chakula kikaja kwa miamvuli kutoka angani. Maduara waliyoyaona wao hayakuwa na nyekundu hata chembe. Waingereza walikuwa wameiondoa kwenye ndege zao za pande zile kwa sababu duara jekundu ndilo alama ya Wajapani. Wamarekani nao walikuwa wameifuta nukta nyekundu katikati ya nyota yao tangu Mei 1942. Rangi nzima ilifutwa mabawani ili mtu aliyesimama kwenye tope, maji yakimtiririka machoni, asikosee katika ile sekunde aliyo nayo.

Buluu mbili zikabaki, iliyokolea nje na hafifu ndani. Hii hafifu ni ngumu. Naweka buluu kidogo kwenye kifuniko cha chupa, naongeza nyeupe kwa ncha ya kijiti, nakoroga, naongeza tena. Nyeupe ikipungua kidogo, kutoka mbali duara linakuwa doa moja tu. Ikizidi kidogo, kitovu kinamulika kupita kiasi. Katikati ya hayo mawili kuna mahali pembamba ambapo rangi mbili zinaachana bila kugombana, na brashi ikipafika huwa najua kabla sijajua nimejuaje. Kisha naiinua ndege kwa urefu wa mkono, nafumba jicho moja, najaribu kuitazama kwa jicho la yule aliyekuwa Kabaw.

Hapa kwetu ndege hupita juu sana, na usiku hasa kinachosikika ni malori. Yanapanda barabara kuu kuelekea Tunduma, gia ikipunguzwa penye kilima, na baina ya lori na lori ukimya unarudi mahali pake bila kinyongo. Mara nyingine husikika treni ya TAZARA upande wa Vwawa. Reli ile waliijenga Wachina pamoja nasi, kazi ikaanza mwaka 1970, na katika miaka hiyohiyo ndipo jeshi letu lilipopata ndege zake za kivita, nazo kutoka China, na uwanja wake wa Ngerengere. Ubavuni zilibeba namba iliyoanza na herufi JW, Jeshi la Wananchi. Nikiziandika herufi hizi mbili kwa brashi ya nywele chache, mkono wangu unakuwa mzito kuliko kwenye alama nyingine zozote. Hizi ni zetu. Walioziangalia wako hai, tunakutana nao sokoni.

Vitabu vinavyoeleza vita vya Kagera, vita vyetu na Uganda ya Idi Amin, vina habari moja ambayo huwa naisoma kwa kusita. Katika siku za mwanzo za vita, ndege tatu za kwetu zilifika juu ya Musoma, na walinzi wa anga waliokuwa chini, wakidhani ni za Amin, wakaziangusha. Hakuna ubaya wa moyo katika habari hiyo, upande wowote. Vijana chini walikuwa wanalinda mji. Vijana juu walikuwa wenzao. Katikati palikuwa na anga, mwanga wa saa ile, na kasi. Naufunga ukurasa huo taratibu. Siku kama hizo sipaki rangi.

Aprili 1979, Entebbe ilipotwaliwa, MiG za Uganda zilikutwa uwanjani zikiwa zimesimama, nyingine zikaletwa Tanzania. Nazifikiria zikivuka ziwa, chuma kilekile, rubani mwingine. Ziwa chini halikuona tofauti. Mvuvi aliyekuwa ndani ya mtumbwi naye labda alikaza macho kuitafuta alama.

Wilayani kwetu, pale Ndolezi, kimelala Kimondo. Kina urefu wa karibu mita tatu, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16, sehemu kubwa ikiwa chuma, kutoka mahali ambapo hakuna aliyefika. Wanyiha, wenyeji wa huku, walikaa nacho wakikifahamu kabla ya mwaka 1930, mwaka ambao mpima ardhi mmoja aitwaye Nott alikipeleka kwenye maandishi ya wanasayansi. Hakina namba. Hakina duara wala jina ubavuni. Kilianguka kutoka anga ileile ninayoisoma kwa kioo cha kukuzia, hakikutambulishwa na yeyote, na watu wakakiheshimu. Nikiweka kiganja juu yake asubuhi, kina ubaridi unaoingia hadi kwenye mfupa wa mkono, na mashimo yake ya kina kifupi yanaingia vidole vyangu kana kwamba yalingoja. Huwa sikai kukifikiria. Nakaa nacho.

Kimondo kilikuwapo Oktoba 1918, watu wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walipopita Mbozi wakielekea Fife, ng'ambo ya mpaka, wakiwa na vita ambavyo vilikuwa vimebakiza wiki chache tu. Tarehe 25 Novemba walisalimisha silaha Abercorn, mji tunaouita sasa Mbala. Nyuma ya askari walikuwapo wapagazi, wanaume wenye mizigo kichwani, na wanawake, na watoto waliozaliwa njiani. Upande wa Waingereza pia walikuwapo wapagazi, maelfu kwa maelfu, na wengi wao walivalishwa kisahani cha chuma chenye namba.

Namba. Ya ndege 6341 inajulikana hadi leo. Inajulikana kikosi chake, mwezi wake wa mwisho, rangi ya kitani chake. Watu waliokaa usiku mwingi juu ya daftari za vita ndio waliotuhifadhia hayo, nami nawashukuru, maana walichotunza wao ndicho ninachokula mimi. Visahani vile vilikwenda na wenyewe. Vingine vimo ardhini humu, kwenye mashamba tunayoyalima, chini ya mahindi. Sijaona ndege ndogo iwezayo kubeba namba hizo. Kwa hiyo wakati mwingine, nikimaliza kazi na brashi bado ina rangi, nachora kisahani kimoja kwenye kipande cha ubao kilichobaki, bila namba yoyote, nakiweka dirishani kikauke pamoja na mabawa.

Picha, hata iwe nzuri namna gani, inaonyesha upande mmoja. Hili ndilo linalowakosesha usingizi wachongaji wengi. Ubavu wa kushoto unasomeka, wa kulia umegeukia upande wa pili, umegeukia miti na askari wasiojulikana na jioni ya Februari ile. Wako wanaorudia jina upande wa pili kwa kukisia, na mara nyingi kisio lao ni sahihi, maana ilikuwa desturi kuandika pande zote mbili. Mimi upande nisioonyeshwa nauacha kitani kitupu. Nimekipaka vizuri, nimekisugua, nimekipa vanishi sawa na ule mwingine. Mgeni akiishika ndege na kuigeuza hukuta weupe wa maziwa uliotulia, na wengi hukaa nao muda mrefu kuliko walivyokaa na jina.

Sasa kuna MiG-17 mezani, mabawa yake yamerudi nyuma, mkia umesimama. Upana wa bawa hadi bawa ni sentimita 13 na kidogo. Rangi za mwili nimezipata kwenye picha, herufi JW nimezipima. Namba kamili ya ndege niliyoikusudia ndiyo bado. Kwa ajili yake nilimwendea mzee mmoja wa kijiji jirani aliyekuwa jeshini mwaka 1979. Nilimkuta anapogolea kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu kwenye kivuli."

Nikamwonyesha ndege. Aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta vumbi la msasa kwa kidole gumba, akaiinua juu ya kichwa chake na kuitazama kwa chini. Alikuwa mtu wa kwanza kuitazama hivyo bila kuambiwa. Nikamuuliza kama anakumbuka namba iliyoandikwa ubavuni.

"Namba sikuitazama, mwalimu," alisema. "Nilikuwa natazama kama inageuka."

Akaishikilia pale juu muda kidogo zaidi, akiigeuza polepole, kwanza kushoto, kisha kulia, kisha akanirudishia, akaniuliza hali ya nyumbani na bei ya mbolea mwaka huu. Maneno yake nimeyaandika kwenye daftari ninamoweka vipimo vya alama, katika ukurasa wa JW. Ameahidi kunipeleka kwa mwenzake aliyekuwa upande wa ufundi, ambaye huenda aliishika brashi yenyewe. Tunakwenda baada ya mavuno.